Hodi Kwenye Waya

Kelele za simu ya Bi Zuwena hazikuwa mkwaruzo wa waya mbovu. Zilikuwa ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha ngo, ngo, ngo tena.

“Maji yameingia kwenye kiungio,” alisema Fundi Shomari. Akabadilisha waya wa ndani, akabadilisha na mkono wa simu, akasikiliza. Ngo, ngo, ngo.

“Basi tatizo liko nguzoni, mama.”

Akatoka na koleo, akaukata waya unaoingia nyumbani, akarudi. Sasa simu ile haikuwa imeunganishwa na kitu chochote duniani. Bi Zuwena alisimama kando ya meza, kiganja mdomoni.

Fundi akaweka simu sikioni, akitabasamu. Tabasamu likamganda usoni. Ngo, ngo, ngo. Safari hii ilisikika karibu sana, tena kwa subira, kama hodi ya mtu aliyelelewa vizuri. Na Shomari naye alikuwa amelelewa vizuri. Kabla hajafikiri, ulimi ukamtangulia.

“Karibu,” alisema.

Kelele zikakoma.

“Umemwitikia?” Bi Zuwena alinong'ona. “Mwanangu, tangu nihamie humu nauma ulimi nisimwitikie!”

“Ni mazoea tu, mama. Tumwambie aondoke.”

“Mgeni aliyekwisha kukaribishwa haambiwi aondoke.”

Pazia la mlangoni likatuna kwa ndani, ingawa nje hapakuwa na upepo. Bi Zuwena akavuta kiti cha tatu, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.