Babu wa Watu Kumi na Mmoja

Juu ya meza palikuwa na majalada kumi na moja, ya watu kumi na mmoja wasiojuana hata kwa salamu, na ndani ya yote babu alikuwa mmoja.

Hira aliyahesabu tena. Ilikuwa saa nne kasorobo. Mgeni angefika saa nne kamili.

Ofisi yao ndogo ya Mississauga, kando ya Toronto, juu ya duka la dawa, ilikuwa na kazi moja tu: kuwatafutia nasaba Wakanada wenye asili ya Uingereza. Wengi walitamani kusikia kwamba wametokana na makabaila, watu wa majumba na nembo. Baba yake, mzee Abbasali, alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini. Hira alianza mwaka huu, baada ya chuo, akapewa kuyanakili majalada ya zamani kwenye kompyuta. Ndipo alipokutana na Edmund Thurlby, mara kumi na moja.

Edmund alikuwa mtoto wa tatu wa ukoo wa Thurlby. Mwaka 1923 alipanda meli kwenda Tanganyika, na vitabu vya Uingereza havikumwona tena. Katika kazi hii mtoto aliyepotea ni kama msumari ukutani: yeyote anaweza kutundikiwa koti lake hapo. Baba alikuwa ametundika makoti kumi na moja.

Kilichomuumiza Hira zaidi ni jinsi uongo wenyewe ulivyopambwa. Edmund aliogopa radi. Edmund alipiga mluzi akinyoa ndevu. Edmund alizaliwa mtu wa shoto, akajifunza ukubwani kula kwa mkono wa kulia. Rejesta gani ya kanisa huandika mambo kama hayo?

Siku alipogundua, alimwuliza baba wakiwa kwenye chai.

"Baba, kwa nini wote umewapa ukoo mmoja?"

"Ndio ninaoujua vizuri," alijibu, akichovya biskuti.

"Lakini si ukoo wao."

"Si umewaona sura zao? Ukoo huu unawakaa. Mtu akivishwa kanzu iliyomkaa, haulizi ilishonewa nani."

Hira hakucheka. Tangu barua ya mgeni ilipofika, wiki tatu sasa, hakuwa amelala usingizi wa kuhesabika. Wateja wale, kwa furaha yao, walikuwa wakimpelekea kadi za sikukuu Bi Margery, mwanamke wa mwisho wa ukoo wa Thurlby, wakimwita shangazi. Naye, badala ya kuwajibu kwa kadi, aliwaomba mate yao. Alikuwa amewapima vinasaba wote kumi na mmoja, na sasa anakuja Toronto mwenyewe. *Nataka kuonana na aliyeandika,* ilisema barua.

Moyo wa baba ulikwisha kupasuliwa mara mbili. Daktari alisema usibebeshwe jambo. Hira alifikiria polisi wakipanda ngazi zile. Alifikiria watu wa msikitini wakinyamaza ghafla baba anapoingia. Kwa hiyo usiku wa jana alifanya alichoweza: katika kila nakala ya kompyuta, mahali pa jina la mtafiti, alifuta jina la baba akaandika lake.

"Umevaa sweta ndani nje," baba alimwambia sasa, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Wewe ukiogopa, hata nguo zinajua."

"Baba, akija usiseme neno. Nakuomba. Niachie mimi."

"Haya, wakili wangu."

Mlango uligongwa.

Bi Margery alikuwa mrefu, mkongwe, na koti lake lilikuwa bado na theluji mabegani. Alikataa kiti. Alitoa karatasi mkobani, akaziweka juu ya majalada.

"Kumi na moja," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Hakuna hata mmoja aliye wa damu yetu."

"Ni mimi niliyeandika." Sauti ya Hira ilitoka ndogo mno, ikabidi arudie. "Ni mimi. Baba yangu hajui chochote."

Yule bibi alimtazama.

"Una umri gani, binti?"

"Ishirini na nne."

"Jalada la kwanza lina miaka ishirini na sita."

Hira alishika ukingo wa meza.

"Polisi ningeweza kuwapigia simu nikiwa kwangu," Bi Margery aliendelea. "Nimekuja kwa jambo jingine. Kutoka Afrika, Edmund aliandika barua moja tu, kwa kaka yake, aliyekuwa babu yangu. Anamweleza jinsi radi za kule zinavyomtia hofu, hofu aliyomficha kila mtu. Barua hiyo haijatoka kwenye kasha letu miaka tisini. Aliyeandika majalada haya aliyajuaje hayo?"

Hira alimgeukia baba, akamwomba kwa macho abuni uongo mmoja tu, wa mwisho.

Mzee Abbasali alisimama polepole, akishikilia kiti. Kiingereza chote cha miaka thelathini kilikuwa kimemtoroka.

"Mwambie, mwanangu," alisema kwa Kiswahili, "babu yangu huyo tulimzika Tanga. Mimi ndiye niliyemwosha."