Tundu la Bi Nguchiro

Zama za ufalme wa Tembo, kichuguu cha nguchiro kilikanyagwa kikawa vumbi, ati umaskini wao uishe. Kila mmoja akajengewa nyumba ya mawe, ukuta wake hauna hata ufa.

Bi Nguchiro akalala pakavu, lakini usingizi hakuupata. Kichuguuni, shoga yake Siwema alimwamkia kila alfajiri kupitia tundu la ukuta uliowatenga, wakapeana kaa la moto. Sasa kimya. Akaanza kuuparura ukuta kwa kucha.

"Bibi, nyumba mpya unaiharibia nini?" Tembo alifoka.

"Nyumba nimeiona, mfalme wangu. Jirani yangu umemweka wapi?"

Kabla Tembo hajajibu, ukuta ukaparurwa upande wa pili.

"Shoga, umeamkaje? Chimba kushoto kidogo, nimekaribia."