Baiskeli ya Stima Kutoka Awendo

Swali la kwanza la Mzee Maurice lilihusu kelele.

"Haina," alisema Wesley, fundi wa umeme pale Awendo. "Hii si pikipiki, Mzee. Unaweza pita nyuma ya mbwa na haijui."

Mzee Maurice alisema angependa kuhakikisha kwa masikio yake. Wesley akapanda, akazunguka uwanja wote, na kilichosikika ni sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza chai. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya injinia mmoja Mholanzi. Mkataba wake uliisha mwaka ule wa mvua ya El Nino, akaona hawezi kupanda nayo ndege.

"Na taa?"

"Ziko mbili. Mbele na nyuma."

"Zinazimika?"

"Zinazimika, ndio."

"Zote mbili?"

Wesley alimtazama, kisha akasogea karibu. "Mzee, kama ni mambo ya border, sukari ya magendo, mimi sijasikia kitu. Mimi nauza tu."

Mzee Maurice alikasirika. Alimweleza fundi kwamba yeye ni mzee wa kanisa na hajawahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Alichotaka ni kuzungukia boma za watu kwao Uriri, kama alivyofanya tangu mwaka wa sitini na moja. Sasa magoti yalikuwa yamekataa. Mwaka mzima hakuwa amevuka mto Kuja.

"Pole, Mzee," alisema Wesley, na aliona haya kweli.

Kiti kilikuwa cha plastiki nyeusi. Mzee Maurice alikipapasa kwa muda mrefu.

"Hiki hakishiki baridi?"

"Si utakuwa na suruali?"

Mzee Maurice aliuliza kuhusu breki.

Mwishowe akapanda mwenyewe. Alikwenda mpaka langoni na kurudi, miguu imetulia, magoti hayamuumi hata kidogo. Aliposhuka alikuwa karibu kulia, ikabidi ajifanye ameingiwa na vumbi.

Nyumbani, mkewe Rael alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hiyo haikuwa dalili njema. Bei ilikuwa ng'ombe wao mweusi wa maziwa pamoja na ndama wake. Kwa Rael, ng'ombe yule alikuwa karibu na mtoto, na tena alikuwa mtiifu kuliko mtoto.

"Babako alifanya hii kazi kwa miguu mpaka miaka themanini," alisema.

"Baba hakuwa na magoti haya."

"Na stima utatoa wapi?"

"Nitabeba betri peke yake mpaka sokoni, pale wanachaji za TV. Asubuhi napeleka, jioni nachukua."

"Na ikizima ukiwa ng'ambo? Jua likupate huko ukisukuma?"

Kati ya hatari zote, jua ndilo lililowatisha zaidi, na halikuwa jambo la mzaha. Aliahidi kwamba betri ikifika nusu tu, atageuza.

Rael hakuwa amemaliza. Wezi je? Na zile trela za miwa zilizochimba barabara hadi ikawa mitaro? Na watu watakapouliza mzee wa watu amepata wapi mashine ya mzungu? Cha rahisi ni ghali, alisema, na hiki hata rahisi si rahisi.

Upande wa faida, Mzee Maurice alikuwa na jambo moja.

"Nikiacha, inaisha na mimi," alisema.

Ilikuwa kweli. Mtoto wao Elvis alijaribu kazi hiyo wiki moja, akaogopa mbwa, akakimbilia Nairobi kusomea uhasibu. Ni kazi isiyo na mshahara wala asante, na vijana wa siku hizi hawaitaki.

"Huko ng'ambo wanadhani nilikufa, Rael."

Alisema hivyo akitazama chini, na Rael akamhurumia. Kwa miaka thelathini na saba hakuna siku aliyolala kabla mumewe hajarudi. Alijua mtu huyu bila kazi yake angekauka tu hapo kwenye kigoda.

Kesho yake ng'ombe akaondoka. Rael alilia, akapangusa macho, kisha akamsaidia mumewe kuficha baiskeli ghalani nyuma ya magunia.

Sabato ya pili baada ya hapo, Pastor Monari aliuliza kanisani kama kuna mwenye haja ya maombi. Pastor alikuwa Mkisii, kwa hiyo watu walimsemesha kwa Kiswahili. Akasimama Pauline, mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mtuombee. Yule jajuok wetu amerudi. Mwaka mzima tumelala vizuri, tukasema huyu mchawi wa kukimbia usiku amekufa. Sasa wiki hii ni changarawe juu ya mabati, mlango unasuguliwa na matako, msinicheke. Bwanangu akatoka na panga. Akaona mwanaume uchi anapita mbio kando ya ua, ameketi, na miguu haikanyagi chini!"

Kanisa likaguna. Pastor Monari akamwomba Mzee Maurice awaongoze kwa maombi.

Mzee Maurice alisimama, akauliza kwanza, kwa upole, kama aliyetembelewa ni Pauline pekee. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, hadi ya wale wa viti vya nyuma waliotoka mbali kabisa, na furaha ikamjaa mzee wa kanisa hata akashindwa kuanza.