Swala, Nyati na Kipima Nguvu

Palitokea Swala mmoja mpenda mbio aliyejifunga kipima nguvu mguuni, kifaa cha kumwambia kila hatua inakula nguvu kiasi gani. Kila asubuhi alipanda kilima chenye upepo pamoja na mjomba wake Nyati, mzee mpana aliyeng'ang'ania kukimbia mbele.

"Mjomba, sogea pembeni, unaniziba!"

"Nivumilie, mwanangu. Macho yangu mabovu, nikibaki nyuma nitapotea."

Kileleni kipima kilionyesha kwamba Swala amekimbia kasi kwa nguvu kidogo tu. Akatamba bonde zima kuwa miguu yake imeiva.

Siku moja Nyati aliamka goti limevimba, akabaki nyumbani. Swala akafurahi kuachiwa njia. Lakini kilimani upepo ulimpiga kifuani, pumzi zikamwishia, na namba zikapanda mpaka akakigonga kipima kwa kwato.

"Kimeharibika hiki!"

Akainua macho. Mbele yake palikuwa patupu, pale palipozoea kuwa na ule mgongo mpana. Kipima kilikuwa kizima kabisa. Swala akarudi akitembea, kichwa chini.

Goti lilipopona, alikifunga kipima kwenye mguu wa mjomba wake. "Leo natangulia mimi," alisema, akaupanua ubavu wake dhidi ya upepo.

Kileleni Nyati alikitazama kipima. Swala alikuwa mwembamba kama ufito, na namba zilikuwa juu kama zile za Swala siku aliyopanda peke yake.

"Mwanangu," alisema huku akihema, "leo kilima kilikuwa chepesi mno."