Kiganja cha Mkamwana

Huku kwetu kila nyumba iliyo juu ya bomba la gesi ina pampu ya dawa jikoni. Dawa ikikosekana, gesi na maji huganda kama barafu humo bombani, na kutu hula chuma. Sheria inamtaka mwanamke mmoja wa nyumba aihudumie. Pampu hukijua kiganja chake peke yake, na ikilia, usiku au mchana, lazima awepo aibonyeze.

Siku nilipoletwa, hina yangu haijakauka, mavyaa wangu Bi Somoe alinipokea jikoni.

"Mwanangu, nibonyezee hapo, mikono yangu ina unga."

Nikabonyeza. Pampu ikakisoma kiganja changu, ikakifuta cha mavyaa. Bi Somoe akanawa, akajitanda kanga, akatoka nje. Nilimsikia akicheka njia nzima.

Nilimchukia mno. Mama yangu alipozikwa, dua niliisikiliza kwenye simu, kiganja kikiwa juu ya pampu.

Leo mwanangu Hashili kaniambia amepata mchumba.

"Ni mpole, mama. Utampenda."

"Mlete upesi, baba," nikamjibu, nikambusu.

Alipotoka, nilifunua debe kuangalia kama unga upo.