Matembezi ya Kila Saa

Miguu ya Sikudhani ilikuwa imevimba kwa kukaa, na daktari akamwambia awe anainuka kila saa atembee. Basi karani huyo wa masijala akawa anaifuata korido hadi dirisha la mwisho, anageuka, anarudi mezani kwake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Siku ya nne, sauti ilimwita kutoka chumba cha mwisho. Mzee mwenye miwani alikuwa ameketi humo peke yake, nyuma ya rundo la majalada.

"Dada, mbona kila siku unafika mlangoni kwangu kisha unageuka?"

"Natembea tu, mzee wangu. Ni amri ya daktari, nisikae sana."

"Ahaa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nami kila nikisikia hatua zako najiambia, leo huyu ataingia."

Mzee akamsogezea kiti, kisha akasita.

"Lakini wewe umekatazwa kukaa."

"Nimekatazwa."

Mzee akashika ukingo wa meza, akaanza kuinuka taratibu, huku mguu wake ukipapasa sakafuni kutafuta viatu.