Namba ya Kakakuona

Wanyama wa bonde kavu walikuwa na tangi moja la maji, na kompyuta ya kulifungulia. Ngedere, asiyependa masharti, aliiandikia programu kwa lugha ya kompyuta inayopokea chochote. Siku ya tatu Nguruwe akaulizwa zitoke ndoo ngapi, naye akaandika: "Kiasi tu." Kompyuta ikagoma, wote wakashinda na kiu.

"Si nilikwambia!" akafoka Kakakuona, bingwa wa tahadhari. "Lugha yangu hukagua kwanza. Penye namba haipiti ila namba."

"Lugha yako ina maswali kama mama mkwe," Ngedere akacheka. "Haya, tuone."

Kakakuona akaandika programu yake, akaikagua, lugha nayo ikaikagua. Asubuhi, mbele ya wote, akataka kuandika ndoo tano kwa mkono wake mwenyewe. Kucha zake ndefu zikagonga sifuri mara mbili, tano ikawa mia tano.

Tangi likamwagika lote, na mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Ngedere akamjia, maji yakimfika magotini. "Bwana Kakakuona, lugha yako ilikagua?"

"Ilikagua."

"Ikaonaje?"

Kakakuona akajikunja akawa duara. Sauti ikatokea ndani ya magamba:

"Ikaona ni namba."